Kabla ya kuongeza, uliza imekwenda wapi: oili, maji na breki za gari visiwani

Wakati mzuri wa kufungua boneti ni asubuhi, gari haijawashwa tangu jana. Oili iliyokuwa juu kwenye valvu imeshateremka yote kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, maji ya rejeta yamepoa na hayana presha, na hakuna chuma cha kuunguza mkono. Wengi wetu tunapima kituo cha mafuta, injini ndiyo kwanza imezimwa. Kijana anachomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, anaitazama, anasema oili imepungua, na lita moja inamiminwa papo hapo. Kipimo hicho si cha kuamini. Oili iliyo juu haijashuka, dipstiki inasoma chini kuliko hali ilivyo, na ile lita iliyoongezwa huenda ndiyo itakayoanza kuiharibu injini.

Kuongeza ni kazi nyepesi. Kinachohitaji akili ni kujua kilichopungua kimekwenda wapi. Hata injini isiyo na ubovu inaweza kula oili kidogo baina ya huduma moja na nyingine, na hilo ni la kawaida. Maji ya rejeta yamo ndani ya mfumo uliofungwa, kwa hivyo hayatakiwi kupungua. Ukiongeza kila wiki, pana mahali yanatoka. Oili ya breki nayo hushuka polepole kadiri pedi zinavyolika, na ikishuka ghafla jua imevuja. Mwenye gari anayejua tofauti hizi tatu ameshajiokoa na gharama kubwa.

Egesha pahala tambarare. Mjini Unguja si shida, lakini Chake Chake, Wete au Mkoani unaweza kuwa umeegesha kwenye mteremko bila kufikiri, na gari ikilala upande oili hulala upande. Vuta breki ya mkono, weka gia kwenye P kama ni otomatiki, au gia ya kwanza kama ni manyuo, yaani ya gia za mkono, kisha chomoa ufunguo. Usiuache kwenye swichi, kwa sababu feni za umeme za rejeta huweza kuanza kuzunguka zenyewe hata injini ikiwa imezimwa. Mwenye kanzu aikunje na kuifunga kiunoni, mwenye mtandio au shungi refu auchomeke ndani ya nguo. Mkanda wa injini ukinasa ncha ya nguo haukupi nafasi ya kuivuta. Pete na saa ya chuma viweke mfukoni kabla hujasogea karibu na betri.

Tuanze na oili ya injini. Chomoa dipstiki, ifute kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, irudishe mpaka mwisho, ichomoe tena. Kusoma kwa mara ya kwanza hakuna maana, kwa sababu oili iliyorukia juu ya kijiti usiku au jana inakudanganya. Tazama pande zote mbili, na zikitofautiana shika ile ya chini. Oili inatakiwa iwe baina ya alama mbili, na karibu na ya juu ndiyo bora. Kwenye gari ndogo nyingi nafasi ya alama hadi alama ni kama lita moja, pengine pungufu. Kwa hivyo gari iliyosoma katikati haitaki lita nzima, inataka nusu lita. Mimina kidogokidogo, robo lita kwa mara, subiri dakika tano, pima tena.

Kwa nini niwe mkali kwenye kujaza kupita kiasi? Injini ya 1NZ iliyomo kwenye IST na Probox nyingi hubeba takriban lita 3.7 tu pamoja na filta. Lita moja ya ziada hapo ni zaidi ya robo. Krenki, ile shafti kuu ya injini, inapozunguka huigonga oili hiyo na kuipiga povu, na povu halishiki presha, kwa hivyo beringi zinapata hewa badala ya oili. Sili, ile mipira ya kuzuia oili isivuje, nazo huanza kutokwa jasho. Ukishazidisha, usiseme itapungua yenyewe. Legeza nati ya sampu uimwage kiasi, au mwambie fundi aivute kwa bomba la kupitia tundu la dipstiki.

Oili gani? Kitabu cha gari kilichokuja kutoka Japani kimeandikwa Kijapani na huenda hakipo kabisa, lakini alama za oili ni zilezile kwa kila lugha. Tazama kifuniko cha kujazia oili, au stika iliyobandikwa na gereji ya kule kwenye fremu ya mlango: 0W-20, 5W-30, 10W-30. Hapa kwetu umeenea usemi kwamba nchi ya joto inataka oili nzito, basi watu wanaitia Vitz 20W-50. Namba ya kwanza inahusu oili ikiwa baridi. Ya pili hupimwa kwa nyuzi 100, na joto la ndani ya injini linashikiliwa na themostati, valvu inayodhibiti joto la maji ya rejeta, iwe uko Paje au kwenye baridi ya Sapporo, Japani. Injini zenye VVT-i, mfumo wa Toyota wa kubadilisha muda wa kufunguka valvu, zina njia nyembamba na chujio dogo la kupitishia oili, na oili nzito mno inachelewa kufika, hasa pale unapowasha asubuhi. Injini iliyokwisha kuchakaa inaweza kusaidiwa na oili nzito kidogo, mradi iwe katika zile anazoruhusu mtengenezaji. Na gari ya dizeli itiwe oili ya dizeli: mgongoni mwa dumu tafuta herufi ya C, kama CI-4, wakati ya petroli ina S, kama SN au SP. Ukikwama njiani na kilichopo dukani ni namba tofauti, kuchanganya kidogo ni nafuu kuliko kuendesha injini kavu. Ukifika, ibadilishe.

Rangi nyeusi peke yake haina ubaya. Oili inayosafisha injini lazima ichafuke. Cha kukushtua ni harufu kali ya petroli, chembe zinazong'ara kwenye kitambaa, au oili iliyogeuka kama tui la nazi. Utando mweupe mwembamba chini ya kifuniko cha kujazia waweza kuwa mvuke tu, kwa gari inayotembea masafa mafupi ya mjini isipate kupashika. Lakini dipstiki yenyewe ikitoka na tui, na maji ya rejeta yanapungua, basi maji yameingia kwenye oili. Usiiwashe tena. Mwite mtu mwenye kamba akuvute, au uite gari ya kuburuta.

Kuna taa nyekundu ya birika la oili kwenye dashibodi. Taa hii haipimi wingi, inapima presha. Ikiwaka gari inatembea, maana yake beringi hazipati oili sasa hivi, si kesho. Toka barabarani kwa usalama na uzime. Kilomita mbili za "nifike tu" zinatosha kunoki injini.

Kama oili inapungua, weka boksi lililokunjuliwa chini ya injini usiku. Asubuhi litakusomea habari yote: doa la kahawia au jeusi ni oili ya injini, jekundu aghlabu ni ya giaboksi au stelingi, la waridi au kijani lenye utelezi ni kulanti, yaani dawa ya rangi inayotiwa kwenye maji ya rejeta, na maji matupu upande wa abiria ni ya eyakondishani, hayo yaache. Boksi likiwa kavu na oili bado inapungua, tazama moshi. Moshi wa buluu kidogo pale unapowasha asubuhi huelekeza kwenye sili za valvu. Ukitoka unapokanyaga mafuta, ringi za pistoni zimechoka.

Sasa maji ya rejeta. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo panapounguza watu na kuua injini.

Kifuniko cha rejeta cha gari nyingi za Japani kimeandikwa 0.9 au 1.1. Hiyo ni presha kinayoizuia, kilo kwa sentimita moja ya mraba. Maji ya kawaida yanachemka kwenye nyuzi 100, lakini chini ya presha ya 1.1 hayachemki mpaka yafike karibu nyuzi 120. Ukikifungua kifuniko yakiwa na joto la nyuzi 110, presha inaondoka mara moja, maji yale yanageuka mvuke papo hapo na kuruka usoni na kifuani pa aliyeinama. Kitambaa mkononi hakikuokoi. Kanuni ni moja tu: kishike kipande cha juu cha mpira mnene wa rejeta. Kama ni moto au kimekaza kama tairi lililojaa, rudisha boneti. Kikiwa baridi na laini, funika kifuniko kwa kitambaa kizito, geuza robo duara mpaka kituo cha kwanza, sikiliza, kisha kikandamize umalizie. Gari zisizo na kifuniko kwenye rejeta, zenye tanki la plastiki lililo ndani ya presha, zina hatari ileile.

Pembeni kuna chupa ya akiba yenye alama za LOW na FULL. Wengi wanaishia kuitazama hiyo. Chupa inaweza kuwa imejaa na rejeta ikawa na upungufu! Injini ikipashika, maji ya ziada hupita kwenye kifuniko yakaingia kwenye chupa, na ikipoa huvutwa kurudi. Valvu ndogo ya katikati ya kifuniko ikikwama, au kile kimpira cha kwenda kwenye chupa kikipasuka, rejeta inavuta hewa badala ya maji. Kwa hivyo angalau mara moja kwa mwezi, asubuhi, fungua rejeta yenyewe. Maji yafike shingoni. Na ukitazama kifuniko, mpira wake uwe laini usio na ufa. Kikichoka, nunua chenye namba ileile, usipandishe kutoka 0.9 kwenda 1.1 kwa kudhani ni nguvu zaidi. Mipira ya zamani ndiyo itakayolipia.

Unguja imekaa juu ya jiwe la matumbawe, na maji ya visima vyetu yana chokaa; ya visima vya pwani yana na chumvi juu yake. Chokaa ile unayoikwangua kwenye birika la chai inajijenga vilevile kuzunguka silinda na ndani ya vijibomba vyembamba vya rejeta, mpaka joto lisipate pa kutokea. Chumvi inakula aluminiamu, na rejeta, hedi (kichwa cha injini) na pampu ya maji za gari hizi nyingi ni aluminiamu. Hoja kwamba kulanti ni ya nchi za barafu haina mashiko hapa. Kulanti ina dawa za kuzuia kutu, huilinda pampu ya maji, na ikichanganywa nusu kwa nusu hupandisha kiwango cha kuchemka hadi karibu nyuzi 107 hata kabla ya presha. Ile ya kuchanganya itie nusu kulanti, nusu maji yaliyotoneshwa, yaani yale yanayouzwa kwa ajili ya betri. Usiitie tupu, kwa sababu kulanti tupu inabeba joto vibaya kuliko mchanganyiko. Iliyoandikwa 50/50 au ya waridi ya Toyota imeshachanganywa, usiizimue. Na usiifuate rangi: watengenezaji hawakukubaliana juu yake, kijani cha huyu si kijani cha yule, na aina mbili zikikutana huweza kuganda ute. Kama hujui iliyomo, upungufu mdogo uongeze maji yaliyotoneshwa, kisha panga siku ya kumwaga na kusuuza yote.

Ukiongeza kiasi kingi au ukijaza upya, hewa hubaki ndani. Washa injini kifuniko kikiwa wazi tangu ikiwa baridi, weka hita kwenye joto la mwisho, iache itambe, yaani izunguke polepole bila kukanyaga mafuta. Themostati ikifunguka, kwa kawaida nyuzi 80 na kitu, mpira wa upande wa pili utaanza kupata moto na maji shingoni yatashuka kwa kububujika. Ongeza mpaka yatulie, kisha funga. Lakini ikiwa mabubujiko hayakatiki tangu sekunde za kwanza injini ingali baridi, hiyo ni hewa ya mwako inayopenya gasketi ya hedi. Moshi mweupe mzito usiokwisha unathibitisha. Dawa za unga za kuziba hazirudishi gasketi, zinaziba vijibomba vya hita na rejeta.

Na hii tabia ya kung'oa themostati "kwa sababu ya joto" tuiache. Injini isiyo na themostati hukaa baridi, inakunywa petroli zaidi na kulika haraka. Kwenye baadhi ya injini themostati ndiyo inayofunga pia njia ya mkato. Ukiing'oa, sehemu ya maji huzunguka bila kupita rejeta na gari huchemsha zaidi. Sehemu yenyewe ni ndogo. Ikifa, nunua nyingine.

Gari ikianza kuchemsha njiani, tuseme kaskazi imekaza, eyakondishani imewaka na foleni haisogei: zima eyakondishani, washa hita na feni yake mpaka mwisho, fungua madirisha. Hita ni rejeta ya pili. Gari ndogo nyingi hazina mshale wa joto, zina taa ya buluu ya baridi na nyekundu ya kuchemka, na nyekundu ikiwaka umeshachelewa, basi simama na uzime. Subiri dakika 45, zaidi kama mpira wa rejeta bado umekaza. Usimwagie injini maji kwa nje, na usitie maji baridi ndani ikiwa bado ya moto sana. Hedi ya aluminiamu inapinda kwa kupoa ghafla, pengine inapasuka. Ikishapoa, maji ya chupa ya kunywa yatakufikisha nyumbani. Ya bahari na ya kisima cha pwani, hata kwa dharura, hapana.

Oili ya breki imo kwenye kikopo kinachopitisha mwanga, upande wa dereva kwa kawaida, chenye MIN na MAX. Isome bila kufungua. Ikiwa imeshuka, tazama kwanza unene wa pedi. Pedi zikiwa zimelika, kushuka huko ni haki yake. Ukijaza hadi MAX leo, siku ya kufunga pedi mpya pistoni zitaisukuma oili irudi na kumwagikia bodi, na oili ya breki inavua rangi. Ikiwa pedi bado nene, pana uvujaji: chunguza ndani ya kila gurudumu, mipira, na chini ya silinda kuu. Gari hiyo isiende popote.

Kifuniko kifute vumbi kabla ya kukifungua, na aina yake imeandikwa juu, mara nyingi DOT 3. Oili hii inavuta unyevu wa hewa, na hewa yetu ina unyevu mwaka mzima. DOT 3 mpya huanza kuchemka nyuzi 205 kwenda juu. Ikishanywa maji kiwango chake cha chini huwa 140. Ukiteremka vilima vya Pemba na mzigo, mguu juu ya breki muda wote, inachemka, mapovu yanaingia, na kanyagio linazama hadi chini. Kwa hivyo nunua chupa ndogo iliyofungwa kwa lakiri, ile iliyokaa wazi kwenye rafu ya gereji iache, na oili yote ibadilishwe kila miaka miwili. DOT 4 inachanganyika na DOT 3. DOT 5 haichanganyiki. Akitia mtu humo oili ya injini au haidroliki (oili ya giaboksi na stelingi) kwa bahati mbaya, mipira yote ya mfumo huvimba. Usikanyage breki, usiwashe, gari iburutwe.

Giaboksi ya otomatiki hupimwa kinyume na injini: ikiwa ya moto, baada ya kutembea kama dakika 20, injini inatamba, gia umeipitisha P mpaka L na kuirudisha P, na unasoma alama ya HOT. Hivyo ndivyo kwa Toyota nyingi zenye dipstiki. Honda husomwa injini ikiwa imezimwa, na gari nyingi mpya hazina dipstiki kabisa, zinapimwa kwa nati ya chini. Hizo mpelekee fundi. Aina imeandikwa kwenye dipstiki, kwa mfano T-IV. Giaboksi ya CVT, ile otomatiki isiyo na gia za hatua, inataka oili ya CVT peke yake, na haidroliki ya kawaida itaiua. Ikinuka kuungua na imekuwa nyeusi, kuongeza hakusaidii.

Stelingi: kwenye gari ndogo nyingi stelingi ni ya umeme, haina kikopo, usikitafute. Betri ya kutia maji itiwe yaliyotoneshwa mpaka yafunike sahani kwa sentimita moja hivi, bila sigara wala mwanga wa moto karibu, kwa sababu inatoa gesi inayowaka.

Oili chafu isimwagwe uwani wala mtaroni. Jiwe la matumbawe lina matundu, na maji tunayokunywa yanatoka chini yake. Irudishe kwenye dumu lake uipeleke gereji inayokusanya. Kulanti nayo ni sumu yenye ladha tamu, na paka wa Mji Mkongwe watailamba ikidondoka barazani. Suuza kwa maji mengi. Usiiweke kamwe kwenye chupa ya maji ya kunywa, kwa sababu mtoto hasomi lebo isiyokuwepo. Aliyemwagikiwa na maji ya rejeta apoze pale palipoungua kwa maji ya mfereji yanayotiririka dakika 20, bila dawa ya meno wala samli. Aliyeingiwa na oili ya breki machoni asuuze kwa robo saa. Aliyekunywa kulanti, hata kidogo, hata kama anaonekana mzima, apelekwe hospitali saa hiyohiyo pamoja na chupa yenyewe, wala msimtapishe.